Ganuni Mbili, Kiti Kimoja

Nisijidai mwema. Nilimwonea Tahani wivu tangu siku ya kwanza alipoingia darasa la muziki la Ustadh Fikri, kaifunga ganuni yake, kinanda cha nyuzi, kwa shuka la maua la kitandani, mdomo umejaa mbegu za boga. Sisi wenzake tulikuwa na makasha yenye bitana ya mahameli. Akaketi karibu yangu, akatema ganda kiganjani, akaniuliza, "Dada, hii lifti yenu inalia hivi kila siku? Ina raha yake!" Lifti! Nilikuwa nimepanda lifti ile ya chuo miaka miwili mizima, na nilichojua ni kwamba inachelewa.

Baba yake, Ami Bayumi, alikuwa akiuza maji ya susi, kinywaji cha mizizi mitamu, mitaa ya kimaskini ya Sayyida Zainab. Alitembea na chombo kikubwa kifuani na visahani viwili vya shaba mkononi, akivigonganisha mpaka wenye kiu watoke majumbani. Chumba chao kilikuwa juu ya karakana ya mfua sufuria. Huko ndiko Tahani alikozaliwa, akaanza kutambaa, akajifunza kusoma, na nyundo inagonga chini ya sakafu kutwa. Mwingine angekuwa kiziwi. Yeye alitoka na masikio ambayo, wallahi, ningekuwa na uwezo ningemwibia.

Mimi nimelelewa Misri Mpya, mtaa wa wenye nacho, ghorofa ya nne, kwenye sebule yenye piano ya bibi. Mzee wa mitungi ya gesi akipita chini anaigonga kwa spana, mama alikuwa akisema, "Safinaz, funga dirisha, ushenzi huo." Nikafunga. Miaka kumi na minane nimefunga dirisha. Sasa piano ina vyeupe vyake na vyeusi vyake, katikati hapana kitu, na muziki wetu sisi nusu ya utamu wake umejificha humohumo katikati. Ipo sauti tunaiita sika. Ukiipandisha kidogo inakuwa ya Wazungu, ukiishusha kidogo inakuwa ya msiba. Kwenye ganuni kila uzi una vishikizo vidogo vya shaba vya kunyanyua na kulaza, ndivyo vinavyoitafuta sauti hiyo, lakini kishikizo hakina akili, kinangoja sikio la mpigaji.

"Safinaz," Ustadh Fikri aliniambia mbele ya darasa zima, "vidole vyako dhahabu tupu. Lakini hiyo sika yako imetoka kwenye friji."

Darasa likacheka. Tahani hakucheka, na hilo liliniudhi zaidi. Angecheka walau ningepata sababu ya kumchukia.

Na chuki niliitaka, kwa sababu palikuwa na kiti. Ustadh alikuwa na kundi lake la wapigaji watano, kundi la kweli, si la wanafunzi. Mpiga ganuni wake alikuwa amehamia Kuwait, na kiti chake kilikuwa kitupu. Kwa ajili ya kiti kama kile mimi niliacha masomo ya udaktari wa meno. Tangu siku hiyo baba hakunisemesha. Akitaka chumvi mezani anamwambia mama amwambie Safinaz. Mwaka ule alimtuma mama na ujumbe mmoja tu: mwaka ukiisha sijakalia kiti cha maana, narudi kwenye meno. Tahani yeye alikitaka kiti kwa sababu alipenda kupiga. Basi, hivyo tu! Roho iliniuma.

Mchana mmoja tulikuwa tumesimama kituoni, basi likafunga breki, likapiga yowe. "Umesikia?" akasema. "Lahani ya Hijazi kabisa! Dereva huyu aolewe na mwanamuziki."

"Aoe," nikamsahihisha.

"Aoe, aolewe, mradi breki asitengeneze!"

Nilicheka kwa meno. Kisha, nisifiche, kwa wiki nzima nilikwenda kusimama kituoni pale peke yangu, nimetega sikio kwa mabasi kama mwendawazimu. Nilisikia mabasi.

Ndipo nikafanya jambo langu la aibu. Siku moja Tahani alitoka chumba cha mazoezi kwenda kununua koshari, akaacha ganuni chini ya shuka. Nililifunua. Nikatoa penseli ya nyusi, nikachora kwenye karatasi kila kishikizo kilichonyanyuliwa na kila kilicholazwa, uzi kwa uzi. Aliporudi aliniletea na mimi sahani moja. Nikaila! Nyumbani nikaipanga ganuni yangu kama ile, nikaipiga, na toba, ilikuwa imepata joto. Nililia kwa furaha. Nikasema moyoni, kumbe siri yako ni vyuma tu, Tahani.

Wiki hiyohiyo Ustadh akatuita sisi wawili. "Mjukuu wangu anatimiza siku saba Ijumaa. Njooni alasiri na ganuni zenu. Atakayekaa kitini tutamjua hukohuko."

"Kwa mtihani gani, Ustadh?" nikauliza.

"Mtapiga sika, kila mtu peke yake, mimi nimeelekea ukutani. Makofi sitaki, makofi hata shemeji asiyejua kuimba hupigiwa. Nangoja mtu mmoja tu aseme 'Allah!' bila kukusudia. Atakayeifanya imponyoke mtu, ndiye."

Ijumaa nyumba ilijaa wanawake. Mtoto alilazwa kwenye ungo mkubwa, kavishwa nguo nyeupe, akatikiswa polepole, mama yake akamruka mara saba. Bi Inshirah, mke wa Ustadh, akachuchumaa sikioni pa mtoto na kinu cha shaba, akakigonga kwa mchi wake, huku wanawake wakimpigia kelele mtoto kuhusu nani wa kumtii na nani wa kumpuuza. Ndivyo mtoto wetu anavyofunguliwa masikio. Aligonga, aligonga, hakuchoka yule mama, nyumba nzima ikawa inavuma. Kisha akazunguka na sahani ya chumvi akitawanya kila pembe. "Jichoni mwa hasidi! Jichoni mwa hasidi!" Gao zima likaniangukia mimi kichwani. Nikahisi uso unaniwaka.

"Imekuingia shingoni, dada," Tahani akasema, akanikung'uta kwa kitambaa chake. Mkono wake juu ya shingo yangu, na mimi namwombea vidole vikakamae.

Nikapiga wa kwanza. Sikukosea hata mahali pamoja. Wanawake wakapiga makofi, mmoja akasema, "Mungu akuhifadhi, binti, mikono mizuri hiyo," mwingine akaniuliza nimeolewa. Mgongo wa Ustadh haukutikisika.

Tahani akaketi. Lakini kabla ya kuugusa uzi akageuka. "Mama Inshirah, hebu nigongee kinu mara moja tu."

Wakaangua kicheko. "Mtoto keshafunguliwa masikio, sasa zamu yako?"

"Nigongee tu, mama yangu, Mungu akuweke."

Kinu kikalia. Tahani akainamisha kichwa, akangoja mpaka mvumo ukakaribia kwisha, akashusha kishikizo kimoja. Kimojawapo cha vile nilivyovichora kwa uchungu wangu wote, akakilaza hivi, kwa kidole kimoja, kama mtu anayefuta vumbi! Nikaelewa, na kuelewa kwenyewe kuliniuma. Vyuma nilivyoviiba vilikuwa vya siku nyingine na chumba kingine. Sisi sote mle ndani tulikuwa na kinu vichwani kwa nusu saa, na yeye ndiye peke yake aliyetusikiliza, akaipanga sika yake kwa mvumo uleule.

Akaanza. Alipiga kidogo tu, akasimama, akapiga tena. Ikafika mahali nikaijua sauti inayokuja, nikaingoja, na yeye akaichelewesha, akazunguka, akaichelewesha tena, mpaka nikashindwa kupumua. Halafu akaitua.

"Allah!"

Sauti kali, ya mwanamke. Nikatazama ni nani. Wanawake wote walikuwa wananitazama mimi. Mkono wangu ulikuwa tayari mdomoni.

"Nani huyo?" Ustadh akauliza, bado ameelekea ukutani.

Mwanamke aliye karibu nami akafungua mdomo, akauona uso wangu, akaufunga.

"Kama mtu kafurahia mtoto, aseme, nisiihesabu."

Mlango huo hapo, wazi kabisa. Mtoto yupo kwenye ungo, anapiga miayo, nani hawezi kumsemea Allah mtoto? Nikamfikiria baba. Nikafikiria miaka ya kuchungulia meno ya watu. Wivu ukaniambia, sema mtoto, mjinga wewe, neno moja tu. Lakini ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuisikia sika. Nikiikana, nitaipata wapi tena?

"Ni mimi, Ustadh."

"Wewe nani?"

"Safinaz."

Akageuka polepole. Hakunipa pole wala hongera. "Tahani, mazoezi Jumapili, saa nne. Usichelewe," akasema, akaomba chai.

Tahani alinikumbatia mbele ya watu, analia, pua inamtiririka. Nilimkumbatia pia, na msidhani wivu ulinitoka, ulikuwa umekaa palepale.

Nyumbani baba alikuwa amesimama mlangoni. Miaka miwili na zaidi hakunisemesha, sasa yeye mwenyewe ananifungulia.

"Wamekupa?"

"Wamempa anayestahili, baba."

"Nani kasema anastahili?"

"Mimi," nikasema, nikapita, nikaenda kulifungua dirisha.