Adolphine katika Kioo cha Nyawera

Floribert alikuwa anapita mtaa wa Nyawera kununua karatasi za kusafishia picha alipomwona mke wake ndani ya kioo cha studio ya mtu mwingine. Ilikuwa picha tu, isiyokuwapo wiki mbili nyuma, lakini alisimama kama mtu aliyemkuta mkewe ana kwa ana. Adolphine, kitambaa kichwani, anacheka hadi mwanya wa meno unaonekana. Nyuma yake peupe, pasipo hata kivuli, na juu ya weupe ule uso wake mweusi ukang'aa, kope, mashavu, kovu dogo la kidevuni.

Floribert naye alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa Kadutu, juu ya soko. Serikali ilipokataza majina ya Kizungu, yeye mwenyewe aliandika mlangoni jina lake jipya, Cirhuza, na watu waliotaka picha za karte, vile vitambulisho vyenye majina mapya, wakapanga foleni mbele ya shuka lake jeupe. Picha zake zilikuwa na kasoro moja. Shuka lilitoka kijivu, na nyuso zikatoka nyeusi kama chini ya sufuria. Mteja akilalamika, alimjibu, "Ni uso yako, papa. Si mimi niliiumba."

Jioni ile alimkuta Adolphine anasonga bugali huku anaimba taratibu. Kuimba kwenyewe kulimuuma.

"Wiki iliyopita uliendaka wapi?"

"Ku soko."

"Soko gani?"

"Papa Placide, sasa masoko nayo ni siri?" Alimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama siku zote, na hakuacha kuimba.

Kesho yake Floribert alifunga vifungo vya koti lake la abakosti hadi shingoni, akaenda Nyawera kama mteja. Mwenye studio aliitwa Isidore, mtu mrefu, kucha safi. Alikuwa ametoka Lwiro, alikokuwa akiwapigia watafiti picha za wadudu na nyoka.

"Kuya mbele, papa. Usiegemee shuka."

Floribert akasogea, mbali na shuka. Taa mbili zilizofichwa pembeni zilimulika shuka peke yake. Ya tatu, iliyofunikwa karatasi nyembamba ili isichome macho, ilimulika uso. Kisha Isidore akaleta kipimo cha mwanga hadi shavuni kwake, karibu sana, Floribert akasikia harufu ya sabuni ya mkono ule. Je, hata shavu la Adolphine lilipimwa hivi?

"Mbona unapimia karibu?" aliuliza kama asiyejua kitu.

"Peupe iko mwongo, papa. Ukipimia mbali, kipimo inasikiliza shuka, inasahau mutu. Kule Lwiro nilikuwa napiga mende nyeusi juu ya karatasi nyeupe. Nikisikiliza karatasi, mende inapoteza miguu."

Floribert alielewa palepale. Miaka yote alikuwa akipimia alipoweka mashine yake ya picha, akikabili weupe wote ule.

"Na ule mwanamke wa mu kioo, naye ni mende?"

Isidore akacheka. "Maman Adolphine? Nilimuomba ruhusa ya kuweka foto yake, kwanza akakatala. Kisha akasema, 'Weka tu. Bwana yangu anapitaka hapa. Siku moja ataona.'"

Mashine ikalia kabla Floribert hajafunga mdomo.

Alirudi nyumbani mbio. "Nimekuona Nyawera."

Adolphine aliweka chini kapu lake. "Ni leo tu unaniona?"

"Kwa nini kwake? Mi si fotografe?"

"Uko fotografe wa Kadutu nzima. Mi nilikuombaka foto ya kumutumia mama kule Shabunda, ukasema filme ni ya wateja. Nikamutumia ile ya ndoa, ya ku studio yako. Unajua alijibu nini? 'Shati nyeupe ya bwana nimeiona. Mutoto wangu iko wapi?'"

Floribert akatoa lile alilokuja nalo. "Na kucheka? Alikufanyia nini ukacheka vile?"

"Alinieleza nyoka moja ya kule Lwiro, walizani ilikufa. Wakawasha taa, ikasikia joto, ikaamuka. Wale bakubwa wote wakapanda juu ya meza!" Akacheka tena, akashika mlango asianguke.

Hapo ndipo wivu ulipomchoma hasa. Taa zingenunuliwa, kupima angepima. Kicheko kile kilikuwa kimetoka kwa mtu mwingine.

Alienda kuomba picha iondolewe. Isidore aliitoa bila ubishi, na hilo nalo likamuudhi, kwani alikuwa amejiandaa kugombana. Kisha, studioni kwake Kadutu, Floribert akasogeza kiti mbali na shuka, akaongeza taa, akamkalisha Adolphine na kupima shavuni. Ili acheke, akamsimulia kisa cha mbuzi wa chifu. Adolphine alimtazama kwa huruma. Picha ilitoka safi sana, ya mwanamke anayemhurumia mtu, nayo ikatumwa Shabunda.

Tangu hapo wateja wakaongezeka. Walioingia wamekunja uso, Adolphine ndiye aliyekaa nao, akawachekesha mpaka mabega yakalegea, naye Floribert akapiga. Hakuna aliyeambiwa elimu ile ilitoka Nyawera. Na kijana yeyote wa ofisi akizidi kucheka na maman, sauti kali ilitoka nyuma ya mashine: "Usitikisike, papa!" hata kama kijana hajatikisika.