Abiria wa Kiti cha Nyuma

Hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, bisibisi ikiwa mkononi. Sikusimuliwa na mtu. Ukitaka kucheka, cheka, ila nisikilize.

Miaka ya elfu mbili mwanzoni nilikuwa fundi redio Nachingwea. Mfanyabiashara mmoja wa Ruangwa, tulimwita Mangi, akaniletea Corolla aliyoinunua kwa mtu, pamoja na amplifaya na spika ya besi kwenye boksi lake. Akaniachia ufunguo, akaenda sokoni.

Redio ilikuwa ile ile iliyokuja na gari, haina tundu la kupeleka sauti kwenye amplifaya. Ilibidi niichukue sauti kwenye nyaya za spika za nyuma. Nikafungua mlango wa nyuma nione zinapita wapi. Bibi mmoja mwembamba alikuwa ameketi pale, kajifunga kitenge cha njano. Nikadhani Mangi kampa lifti.

"Shikamoo, bibi. Natafuta waya hapo chini."

"Marahaba. Unapita miguuni kwangu."

Akainua miguu. Nikafunua zulia, na kweli waya ulikuwepo!

"Na hilo boksi?" akauliza.

"Linakaa kwenye buti, bibi, nyuma yako."

"Litaniumiza mgongo."

Nikacheka, nikaendelea na kazi.

Mangi aliporudi nikamwambia amshushe bibi, nijaribu mziki. "Bibi gani, fundi?" Kiti kilikuwa kitupu. Sikusikia mlango ukifunguliwa, niamini.

Nikawasha. Sasa elewa: spika ya besi hutoa ngurumo tu, sauti nyembamba haiwezi. Lakini mle ndani ya boksi ilitoka sauti nyembamba ya bibi yule: "Nirudisheni Matambarale. Kwa Somoe, jirani na mashine ya kusaga."

Nikachomoa waya wa betri. Ikarudia vilevile. Ungefanya nini wewe?

Mangi akafungua mlango wa mbele. "Fundi, gari hili silipeleki peke yangu. Twende."

Tukafika kijijini Matambarale jua halijazama. Somoe, mama wa makamo, alitoka nje kutupokea. Nilipomweleza bibi alivyo, na kitenge chake, akanikazia macho.

"Huyo ni mama yangu. Lakini mama mgonjwa, mwezi wa tatu huu hajatoka ndani. Na tangu juzi hajasema neno."

Akatuingiza. Kitandani alilala bibi yule yule, na kitenge kile kile. Hakufumbua macho, ila midomo ikasema:

"Fundi, umechelewa. Mgongo unaniuma."

Somoe akanishika mkono. "Amekujulia wapi?" Mimi nilitaka kumuuliza yeye swali hilohilo.

Siku chache baadaye tukasikia bibi amefariki. Wapo waliosema alikuwa mchawi. Padri aliniambia nisali, niache kuulizauliza. Nimesali, lakini bado sielewi. Kama alikuwa kitandani, nani aliniinulia miguu? Na kwa nini gari lile, ambalo Somoe aliapa hajawahi kuliona?

Kazi ya magari niliiacha. Hata nikipewa lifti leo, sikai mbele kama nyuma hakuna mtu. Kiti kitupu nyuma ya kisogo changu sikiwezi.

Nawe, fundi mwenzangu, ukikuta mtu ametulia ndani ya gari la mteja, usimsalimie ukaendelea na kazi. Mwite mwenye gari aje amtazame kwanza. Asipomwona, funga mlango taratibu, umrudishie ufunguo wake.