Bati Zima

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Ulemo, fundi mkuu hakunipa mwiko. Alinipa timazi, ile kamba yenye kichuma kizito mwishoni inayoonyesha kama ukuta umesimama wima, akaniambia nipande niishikilie kwenye kona mpaka atakaponiruhusu kushuka. Mkono ulikufa ganzi. Nilipomuuliza kwa nini tusitumie macho, alijibu bila kunitazama, "Jicho lina upendeleo. Timazi haina mjomba."

Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano. Sikufukuzwa, miguu iliniwasha, na nilitaka kuona kila kitu kinavyotengenezwa. Nikishaelewa, nilihama. Issuna nilijifunza kupanga tanuri la tofali ili moto ufike katikati bila kuziunguza za pembeni. Kintinku nilikuta wazee wakikarabati tembe, nyumba ya miti na udongo ambayo hata paa lake ni udongo, bapa kiasi cha kuanikia mtama. Nilimuuliza mwenye tembe angemtoaje mgeni aliyemchoka.

"Namwambia aondoke," alisema.

"Akikataa?"

"Sasa nifanyeje, nimbomolee paa? Mimi mwenyewe nitalala wapi?"

Wenzake walicheka, nami nikacheka. Sikujua kwamba ningelikumbuka jibu lile maisha yangu yote.

Fundi wa kuhamahama kama mimi hakuwa na kwake. Tulilala kwenye pagale, yaani nyumba ambayo haijakwisha. Mwenye nyumba hujenga kidogo kidogo kadiri anavyopata, na ukuta usio na mtu huibiwa tofali, kwa hiyo fundi hukaa humo bure akilinda. Siku ya kupigilia bati la mwisho, wenyewe wanashangilia, wewe unafunga godoro. Kazi yangu ilikuwa ya namna hiyo: nikiimaliza vizuri, nakosa pa kulala.

Ndipo nikafika Singida mjini, wakati watu wengi walipoanza kujenga nyumba za kupangisha. Bosi wangu alikuwa mfanyabiashara wa mazao tuliyemwita Mzee wa Ghala. Nilimjengea vyumba sita vinavyotazamana, choo kimoja uani. Kenchi, zile mbao zinazobeba paa, nilizikata mwenyewe, na bati nilizipigilia mwenyewe. Mwaka wa tatu aliniita.

"Fundi, panda uvue bati mbili chumba cha nne. Zimeoza."

"Mzee, zile hazijaoza. Bado zinang'aa."

"Nimekuuliza?"

Nilipanda. Chumba cha nne kilikaliwa na Mama Zaituni, muuza mafuta ya alizeti, na watoto wake wawili. Kosa lake ni kukataa nyongeza ya kodi iliyotangazwa katikati ya muda aliokwisha kuulipia. Alitoka akaniangalia pale juu, akiwa na kibatari na ufagio mkononi.

"Fundi, bati lina nini?"

"Limeoza, mama."

Ilikuwa masika. Alivumilia siku tatu kitanda kikiwa kimesogezwa ukutani, ya nne akahama. Wiki ileile nilirudishia bati zilezile, kwa misumari ileile, akaingia mpangaji mwingine kwa kodi ya juu. Mzee wa Ghala alinisifu kwamba nina mkono mwepesi. Nami, niliyezoea kuuliza kila kitu, sikuuliza mama yule alikwenda wapi.

Nimezunguka sana baada ya pale. Mgongo uliponikatalia kubeba, nilirudi Singida nikapanga chumba. Chumba chenyewe ni cha pili katika vile vile sita. Mzee wa Ghala alishafariki. Mwanawe ndiye anayevimiliki. Mwaka huu alituletea karatasi: kodi imepanda, ilipwe ya mwaka mzima kwa mkupuo, asiyeweza atupishe kwa kuwa "paa linahitaji ukarabati". Baba alimrithisha vyumba pamoja na hila.

Tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Akasema hayo ni makubaliano ya watu wawili, ofisi haiingilii. Makubaliano gani, wakati mmoja anaandika na mwingine anafungasha? Ofisi hiyohiyo huingilia nikimwaga maji machafu barabarani. Muuguzi, mwalimu, mama lishe, wote wanahamishwa kila mwaka kama mbuzi wa mnada, na watoto wanabadilishwa shule katikati ya muhula, halafu tunaambiwa tuelewane.

Wapangaji wa mitaa mitatu waliandika barua, na diwani akalazimika kuitisha mkutano kwenye uwanja wa shule. Aliyesimama kuisoma alikuwa mama mzito mwenye miwani. Nilimtambua kwa sauti. Mama Zaituni aliomba mambo machache: mkataba wa maandishi, notisi ya kutosha, na mtu asitolewe kwa ukarabati kabla fundi wa ofisi hajakagua.

Mwenye nyumba wetu alisimama akicheka. "Wapangaji wamekuwa mainjinia siku hizi. Nani kati yenu anajua hali ya paa langu?"

Nilinyanyuka. "Mimi."

"Wewe mzee? Umepanda lini huko juu?"

"Nililipigilia mimi, kabla hujaanza shule."

Uwanja ulicheka. Mama Zaituni hakucheka. Alivua miwani akanitazama kwa muda, kisha akauliza kwa upole, kama siku ile uani, "Fundi, bati lina nini?"

"Zima, mama. Na lile la chumba chako lilikuwa zima. Nilitumwa kulivua, nikakudanganya."

Mama Zaituni alirudisha miwani. "Mwandishi, andika hivyo," akasema. Hakuniambia amenisamehe, nami sikumwomba pale mbele ya watu.

Diwani aliagiza paa lolote katika kata lisiguswe mpaka likaguliwe, na maombi mengine akaahidi kuyapeleka halmashauri. Majirani zangu wangali vyumbani mwao. Mimi nilipewa notisi wiki iliyofuata, ya maandishi, muda wa kutosha, kila kitu kama tulivyoomba.

Vijana mnaoshika mwiko leo, mtafundishwa kupima ukuta. Hakuna atakayewafundisha kumkatalia aliyewaajiri. Hilo nililijua nikiwa nimekwisha kuacha kazi, na ni aibu kulijua wakati huo.

Sasa ninalinda pagale la mwalimu mmoja, nje kidogo ya mji. Juzi Mama Zaituni alipita na chupa ya mafuta. Akatazama kuta, akatazama mbingu palipotakiwa kuwa na paa.

"Shikamoo, fundi. Hata wewe unakaa hivi?"

"Marahaba. Mwalimu analeta bati mwezi ujao."

"Ukimaliza utakwenda wapi?"

Miaka yote ile hakuna mwenye nyumba aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimvutia tofali akae.