Meno ya Mwajabu, Sokoni Murungu

Siku Sylvesta alipomwona Mwajabu kwa mara ya kwanza, mwaka 2012, yeye alikuwa akishona midomo ya magunia sokoni Murungu. Mwanamke yule alichukua punje ya haragwe, akaibana kwa meno ya mbele, akatema.

“Haya bado. Yarudi juani!”

Muuzaji hakubisha. Matajiri wa malori walipakia kwa kauli ya Mwajabu. Meno yake ndiyo yaliyojua unyevu. Sylvesta, mtu wa kuinamisha kichwa, alitafuta neno la kumwambia. Akapata salamu tu: “Mwakeye, mama.”

Mwaka uliofuata bodaboda ilimbwaga Mwajabu, meno mawili ya mbele yakabaki barabarani. Sylvesta akamsindikiza Kasulu kwa Elieth, daktari wa meno.

“Kuna meno ya bandia ya kuvaa na kuvua,” alisema Elieth. “Kuna ya daraja, ila nitayachonga meno yako ya jirani ili yalibebe. Na kuna ya kupandikiza, skrubu ndani ya taya. Hayo ni Dar es Salaam, na miezi ya kusubiri mfupa ushike.”

“Nichonge wazima kwa ajili ya marehemu?” Mwajabu alicheka, kiganja mdomoni. “Yapi yataniambia haragwe ni bichi?”

“Ya skrubu yana nguvu kuliko yote. Lakini hayahisi kama uliyozaliwa nayo, mama. Hakuna yanayohisi hivyo.”

Gharama za Dar hakuziweza. Akachukua ya kuvua.

Sokoni alijaribu kung'ata kwa magego. Yalisaga tu, hayakumwambia kitu. Akamwita Sylvesta. “Wewe ng'ata, uniambie. Mimi nitatangaza.”

Nurudini, mwenye lori, akaangua kicheko. “Mnaazimana midomo! Ndoa lini?”

Soko zima likacheka. Sylvesta aliing'ata punje. Ikabonyea kama nta. “Mabichi,” alisema, kwa sauti ambayo hata gunia lililokuwa mkononi mwake halikuisikia.

“Semeni basi!” Nurudini alihimiza.

Mwajabu, aibu imemjaa, akang'ata mwenyewe kwa meno ya bandia. Tak. “Makavu. Pakia!”

Magunia yalirudi yameota ukungu. Hakuna aliyemwita tena.

Mwajabu alipohamia Titye kulima kwa kaka yake, Sylvesta alimbebea furushi hadi stendi. Alitaka kusema pole, na kwamba siku ile alijua ni mabichi. Mwajabu akalipokea furushi, akamtazama mdomoni.

“Meno yote unayo, Sylvesta. Yanakusaidia nini?”