Samsung ya Anti Yunia na iPhone ya Seth

Anti yangu Yunia Nyakerario akikasirika, watu wa Kapkatet husimamisha kazi wasikize. Sio eti wanamuogopa. Wanajua kuna kitu tamu inakuja. Yeye hatukani ovyo ovyo. Anakuchagua, anakupindua, alafu anakukata kwa shingo polepole, kama mtu anachuma majani mawili na chipukizi. Mimi nikiwa mkubwa nataka kukasirika hivo.

Ni mdogo wa mamangu. Walizaliwa kwa laini, zile nyumba za mstari za kampuni ya chai huko upande wa Kericho, juu babu alitoka Kisii akiwa kijana kuja kuchuma na hakurudi. Mamangu alisoma akamaliza. Anti alitolewa shule fom two, nyanya aliumwa na mgongo na mtu alikua lazima aingie shambani mahali yake. Aliingia akilia, akachuma akilia, na ile jioni ya kwanza akapitisha wamama wawili kwa mzani. Hiyo stori huwa anaimalizia na, "Na sikuwa nimeacha kulia."

Sahi anachuma kwa mashamba ya watu hapa karibu na Kapkatet, na huko TikTok anaitwa Mama Majani. Video zake ni yeye tu shambani, kikapu mgongoni, nailoni ya kuzuia umande kiunoni, anaongelesha majani kama wanaume. "Wewe umezeeka na bado umesimama mbele ya watoto, toka!" Krak, anatupa. "Wewe kijana njoo, umekunjua nguo vizuri." Watu wetu wenye wako Saudia na Qatar wanacheka mpaka wanaandika wanataka kurudi nyumbani.

Simu yake ni Samsung Ultra, ile kubwa iko na kalamu. Aliuza ng'ombe kuinunua. Mamangu alipiga kelele, "Yunia! Mtu anauza ng'ombe anunue simu?"

"Ng'ombe ilikua inanipea maziwa," Anti akasema. "Hii inanipea watu. Maziwa iko kwa duka."

Basi likizo ya Agosti nikatumwa kwake nimsaidie kuchuma, na kusema ukweli mimi nilienda nimshikie kamera. Siku ya kwanza tu nikaona shida. Kidole chake kinakataliwa na simu. Anaweka kidole gumba, simu inatetemeka, inakataa. Anapangusa kwa sketi, anaweka tena, inakataa. Inabidi aandike namba ya siri na vidole zimekauka kama magome, anakosea, anaanza upya.

"Hii simu inanitambua Sabato peke yake," akaniambia. "Kwani ni mzee wa kanisa?"

Nikacheka, na ata mimi mtoto wa simu sikufikiria kuuliza ni kwa nini.

Alafu ikakuja ile Jumatatu ya kinyonga. Lazima ujue kitu moja kuhusu shamba ya chai: unaeza skia mtu anajigamba ati haogopi nyoka, lakini kinyonga akitokea kwa majani, watu wanatawanyika. Na mwenye hujigamba kuliko wote ni nyapara wetu, mzee Chepyegon. Yeye hutembea nyuma yetu na kofia yake ya manyoya, mikono mgongoni, "Chuma mama, chuma, majani haichekeshwi."

Kinyonga akapanda kwa hiyo kofia. Sijui alitoka wapi. Alikua ametulia kama ameketi kwa kiti yake, jicho moja inaangalia Roret, ingine inaangalia Kericho. Mama mmoja akasema pole pole, "Nyapara, usisonge." Na Chepyegon akauliza, "Kwa nini?" alafu mkia ikamgusa sikio.

Wuuui! Huyo mzee aliruka! Alicheza ngoma yenye haijatungwa! Kofia huku, fimbo kule, anaita mamake kwa Kipsigis, anaingia katikati ya michai mpaka kiuno. Wamama wameanguka chini na kicheko. Na Anti ametoa simu, kidole, imekataa. Kidole, imekataa. Tena. Tena. Mpaka simu ikamwambia angoje kwanza.

Alipomaliza kungoja na kuandika namba, kinyonga ameenda na Chepyegon amevaa kofia anaangalia mawingu.

"Nyapara," Anti akamwambia, simu ameiinua, "tafadhali, rudia kidogo."

"Nirudie nini? Kuna kitu ilifanyika hapa? Chuma!"

Hapo ndio hasira ilianza. Aliongelesha hiyo Samsung mpaka tukafika kituo ya kupima majani. "Nimekuuzia ng'ombe. Nimekununulia kava. Nakulaza kwa kitanda na mimi. Siku moja, siku moja tu naleta kitu ya maana, unaniuliza mimi ni nani? Wewe ndio unijue! Kemunto!"

"Niko, Anti."

"Yule kijana wa iPhone alisema aje?"

Sasa hapo moyo yangu ikapiga sarakasi. Kuna kijana anaitwa Seth, ako na duka ya simu Kericho tao, alikua amemwandikia wiki nzima. Alitaka Anti alete Samsung yake apewe iPhone Pro Max, bila kuongeza kitu juu, bora Anti amfanyie tangazo moja ya Mama Majani. Na mimi nilikua nimeshajiona kwa kioo na hizo kamera tatu zikinitokea kando ya sikio. Si nilimtetea huyo Seth! "Anti, ile hufunguka na uso. Kidole haina kazi. Unaiangalia tu."

"Nikiwa nimefunga kitambaa?"

"Ata kitambaa."

"Kesho," akasema. "Kesho nahama."

Duka ya Seth ni glasi tupu, ata sakafu inakuona. Seth mwenyewe ameng'ara, marashi imefika kabla yake. "Mama Majani mwenyewe! Karibu mathe!" Akamsalimia na kiwiko. Nikadhani ni style.

Anti akamwangalia sana. "Wewe si ni wa Quinter? Quinter wa laini ya chini, pale karibu na mfereji?"

Seth akakohoa. "Aah, hiyo ni kitambo, mathe."

"Kitambo gani? Mimi nilichuma na mamako laini moja. Alikua anakubeba mgongoni na kikapu anaiweka mbele. Ulikua unalia wewe, kama gari imekataa kuwaka!"

Yule dada wa mauzo, anaitwa Dorine, akacheka. Seth hakucheka. Akaleta iPhone.

Na jamani, tuseme ukweli, hiyo simu ni tamu. Anti akazungusha uso vile aliambiwa, ikamshika. Akaifunga, akaiangalia, ikafunguka. Akafunga kitambaa mpaka kwa nyusi, ikafunguka. Akakunja uso kabisa kama mtu anadai haki yake, ikafunguka.

"Hii inanijua ata nikiwa nimekasirika!"

"Hasa ukiwa umekasirika, mathe," Seth akasema, alafu akaichukua akaipangusa na kitambaa kidogo cha bluu. Kila mara Anti akiishika, anaipokea, anaipangusa. Mimi niliona. Nikanyamaza juu nilikua naitaka.

Sasa Dorine, bila ubaya wowote, akauliza, "Lakini mathe, hiyo Samsung ulisajili kidole siku gani?"

"Siku nilinunua. Sabato, jua ikiwa imeshazama, tukitoka kanisa."

"Na mikono zilikua zimeoshwa?"

Anti akaangalia vidole zake. Juu kila Ijumaa kabla jua izame, wamama wetu wote Wasabato wanasugua mikono na ndimu mpaka ule weusi wa utomvu utoke, ndio wasiingie kwa nyumba ya Mungu na vidole kama makaa. Simu ilikua imefundishwa vidole za Sabato. Hizi za Jumanne zimepasuka, zimejaa utomvu kwa mistari yote, itazijuaje?

"Dorine," Seth akasema na meno, "huyu kastoma ako na mimi."

Lakini Dorine alikua ameshachukua Samsung. Akasajili kidole gumba tena, hivo hivo na weusi wake. Ikafunguka mara moja. Anti akajaribu tena, ikafunguka tena. Akaiangalia kama mtoto amerudi nyumbani na amekosewa bure.

Hapo nikaona iPhone yangu inaenda. Nikaanza, "Anti, lakini video ya iPhone ni laini. Anti, ata wasanii wote wanatumia iPhone. Anti, mtu akiona hizo kamera tatu anakuheshimu."

"Nyamaza nifikirie."

Akakaa kwa kiti, Samsung mkono wa kushoto, iPhone mkono wa kulia. Akazoom kanisa ya ng'ambo ya barabara na hii, akazoom na ile. Akajichukua video anaongea, akaskiza zote mbili na sikio. Mwisho akapumua.

"Samsung sina kesi na yeye tena. Lakini watu wangu wa Qatar wanastahili video nzuri, na hii ya kulia nimeipenda. Seth, tubadilishe."

Niliruka! Seth akachukua kapini akatoa laini ya simu kwa Samsung, anaongea haraka haraka sasa, ametabasamu mpaka magego. "Tangazo tunashuti kesho asubuhi, shambani, ukungu ikiwa bado. Wewe utafanya ile sauti yako, ile kicheko, sura yako kwa kamera. Alafu ile sehemu ya kushika simu, karibu kabisa, tutatumia mikono za Dorine."

Anti akamgeukia.

"Mikono za nani?" Anti akauliza.

"Za Dorine. Ziko na kucha. Tutamvalisha sweta kama yako, hakuna mtu atajua. Sura yako, mikono zake. Ni biashara tu mathe, simu ni kitu ya klasi, haiezi shikwa na..." Akaangalia mikono za Anti. Hakumaliza.

Anti akasimama. Pole pole. Nikajua imekuja.

"Malizia."

"Mathe, sijasema kitu mbaya."

"Malizia! Haiezi shikwa na nini? Umekua ukipangusa hiyo simu tangu niingie hapa, nikadhani kijana ni msafi. Kumbe unanipangusa mimi! Mamako Quinter alikua anakutoa makamasi na mikono gani? Alikua anaazima za Dorine?"

"Mathe, kuna wateja..."

"Waskie! Wateja, kujeni! Huyu alikula ugali ya mikono nyeusi, akaoshwa matako na mikono nyeusi, akalipiwa shule na mikono nyeusi mpaka akajua kusema klasi! Sasa anataka uso wangu ucheke mbele, na mikono zangu zibaki nyuma ya nyumba kama mbwa wa jirani! Mimi Mama Majani nachuma na nini? Na pua?"

Dorine alikua ameficha mikono zake nyuma, maskini, kama ni yeye amekosea. Anti akamwona. "Wewe sina shida na wewe, mwanangu. Umenisaidia. Lakini nikuulize, wewe ukiangalia video yangu, huwa unaangalia nini?"

"Mikono," Dorine akasema. "Venye zinaenda mbio na hauangalii."

"Umeskia, Seth?"

Seth akajaribu kuongea kizungu. Anti akamkatiza, "Rudisha laini yangu kwa simu yangu. Na usiipangushe."

Tukatoka. Nilikua nimekasirika pia, lakini na yeye! Nilimwambia pale pale kwa barabara ya Kericho. "Anti, ni video moja tu! Dakika moja! Sahi tungekua na iPhone!"

Akasimama watu wakimgonga mabega. "Kemu, mimi nilitaka ile simu kuliko wewe. Unaskia? Kuliko wewe. Lakini siku nitakubali mikono zangu zikatwe kwa picha, hao wamama wa pale shambani wakiona, watajua ata mimi nawaonea haya. Sasa songa, nimeskia njaa."

Alinunua mahindi ya kuchoma akanigawia nusu kubwa, na mimi bado nimenuna. Nilikula tu.

Seth akapata mtu mwingine. Wiki iliyofuata tangazo ikatoka, na nilimwonyesha Anti tukiwa katikati ya shamba. Msichana mrembo, sijui walimtoa wapi, kucha za pinki ndefu, iPhone kwa mkono moja, na kwa ule mwingine anachuma. Anachuma nini? Majani ya chini! Yale magumu, ya kijani nyeusi, yenye ata kituo wakikupata nayo unarudishwa na kikapu yako mbele ya watu wote. Anang'oa na matawi!

Anti akaita wamama. Ata Chepyegon akakuja kufukuza watu, akachungulia, akapiga kelele kuliko wote. "Huyu anaharibu mchai! Huyu nani amemwandika? Shika mkono yake!"

Anti akaandika komenti moja tu, na kile kidole gumba: "Seth mwana wa Quinter, hayo majani ni ya mbuzi. Mlikataa mikono zenye zinajua." Kabla tufike mwisho wa mstari wachumaji wa kutoka Merigi mpaka Kericho walikua wameingia hapo, kila mmoja anaweka picha ya mikono zake, nyeusi, zimepasuka, moja juu ya ingine, mpaka simu yenyewe ya tangazo ikawa haitajwi na mtu.

Simu ya Anti ikalia. Mimi ndio nilikua nimeishika, nikapokea.

"Ni Seth," nikamwambia. "Anaomba ufute komenti. Anasema sahi unaeza kuja na mikono zako, na iPhone iko tu, inakungoja."

Ukweli ni kwamba roho yangu iliruka tena kidogo. Nikamwangalia.

Anti hakugeuka. Mikono zake zilikua zinaenda, krak, krak, krak, majani yanaruka kwa kikapu nyuma ya bega.

"Mwambie niko kazini," akasema. "Na mwambie nikimaliza nitampigia mwenyewe, achague pahali ya kukaa chini kwanza."