Chetezo cha Bi Zuwena

Mwaka 1998 nilikwenda Maskati kuuliza swali moja. Mama alikuwa hoi kitandani, Unguja, na daktari hakutuficha kitu. “Kamuulize dada yangu,” aliniambia, “ni yeye aliyeagiza chetezo kile? Jambo hili haliandikwi kwenye barua.”

Dada yake, Bi Zuwena, aliolewa na mmoja wa watoto wa kifalme akiwa na miaka kumi na sita, akahamia kwenye jumba lao. Bibi, mama yao, alimtembelea kila Ijumaa na mkate wa kumimina. Kwa desturi, udi ukishapitishwa mgeni huaga, na Ijumaa moja chetezo cha udi kililetwa kahawa ikiwa bado ya moto. Bibi hakurudi tena. Alikufa akiamini bintiye amemwonea haya. Baada ya Mapinduzi Bi Zuwena alihamia Maskati, na mama hakumwona tena.

Asubuhi ya safari nilipanda ndege kwa mara ya kwanza. Mimi mwoga, nilisoma dua zote ninazozijua, na nyingine ninazozijua nusu.

Alasiri nilifika Khuwair ya Kusini, mtaa wa Maskati. Nilitarajia jumba, nikakuta fleti juu ya duka la mapazia. Bi Zuwena, mjane sasa, alinifungulia mlango mwenyewe.

“Shikamoo, Mama mkubwa.”

“Marahaba, mwanangu. Ingia. Umechukua sura ya mamako.”

Siku tatu alinilisha halua na hadithi, wala hakunifukiza udi. Chetezo cha fedha kilikuwa kabatini, hakina hata jivu. Siku ya nne, begi likiwa mlangoni, nikapata moyo wa kuuliza.

“Aliagiza mkwe wangu,” akasema.

Nilifurahi mno. “Basi nitamwambia mama si wewe.”

“Ngoja. Aliagiza yeye, lakini nlikipokea mimi. Nlimfukiza mama kwa mikono yangu hii, naye ananitazama. Nlikuwa na khofu na wakwe zangu, mwanangu. Usinipunguzie. Mwambie hivyo hivyo.” Akakitoa chetezo kabatini, akakifunga kwa kanga, akanipa. “Na hiki mpelekee.”

Njiani kurudi nilikipakata. Utotoni niliona kuolewa kwa wafalme ni bahati. Sasa nilimhurumia msichana yule, aliyevikwa dhahabu mpaka viwikoni akakosa ruhusa ya kumwambia mamake akae.

Nilipofika Unguja nilimweleza mama yote, bila kupunguza. Alilia, kisha akakipapasa chetezo.

“Alikuwa mtoto,” akasema. “Kiweke hapa karibu yangu. Usikitie makaa, mimi bado nimekaa.”