Gari la Sekunde Nne

Juzi nilisimama dukani Mtambile nikingoja nusu kilo ya sukari, na sukari haipimwi. Mwenye duka alikuwa anachagua gari. Simu kaiegemeza juu ya mizani, na shemeji yake wa Dar anamsomea sifa za magari mawili ya kifahari.

"Jekundu lafika mwendo wa mia kwa sekunde nne," shemeji akasema. "Jeusi, sekunde tano."

"Tano nyingi!" Mwenye duka akapiga meza. "Mie nataka linaloruka."

"Sukari, sheikh wangu," nikamkumbusha. Akaninyooshea kiganja, nisubiri.

Mara ikapita pikapu ya samaki kutoka Tumbe. Gurudumu likakanyaga ukingo wa jamvi la karafuu alizozianika kando ya lami, mbele ya duka lake. Alichomoka pekupeku, mikono kichwani.

"Weye! Mwendo wote huo waenda wapi? Kisiwa chenyewe hichi! Wataka kutuulia watoto?"

Pikapu ilikwishapita zamani. Akachutama kuokota karafuu, huku akiapa: "Wallahi, hapa patiwe tuta!" Nami nikachutama nikamsaidia, maana nilishajua bila hivyo chai ya siku ile siinywi.

Ndivyo tulivyo. Kila mtu ataka mbio ziwe zake na breki ziwe za mwenziwe.

Tuliporudi ndani nilidhani sasa ataiondoa simu kwenye mizani. Alijipangusa vumbi, akaiinamia.

"Enhe, shemeji. La sekunde tatu halipo?"